Kabla ya Kuhamia Ziwani: Ushauri kwa Wanaotoka Mpanda Kwenda Kuishi na Boti Tanganyika

Kila machimbo ya dhahabu yanapolegea, swali lilelile huzuka vijiweni Mpanda. Mtu akiuza shamba au pikipiki, akanunua boti na injini, anaweza kuhamia Karema au Ikola akaishi kwa ziwa? Wengine huuliza kwa sababu tofauti. Wameona kwenye simu picha za Wazungu wanaoishi ndani ya mashua za tanga katika visiwa vya Ugiriki, kitanda na jiko humo humo, leo bandari hii, kesho ile. Nao wana ziwa lao, zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka mjini.

Jibu ni ndiyo. Watu wanaishi hivyo mwambao wote wa Wilaya ya Tanganyika, na wapo waliosomesha watoto kwa dagaa na migebuka. Lakini wanaorudi Mpanda mikono mitupu mara nyingi hawakushindwa na kazi ya majini. Walishindwa na siku za nchi kavu, siku ambazo boti imelala mchangani na tumbo linadai. Hesabu yao iliandikwa kama vile chombo kitatoka kila usiku wa mwaka, na ziwa halifanyi kazi kwa ratiba hiyo.

Ziwa lenyewe

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takribani kilomita 670, upana wa wastani wa kilomita 50, na kina kinachofika mita 1,470. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Samaki wote wanaishi katika tabaka la juu, kwa sababu kule chini hakuna hewa ya kuwatosha. Kwa mgeni, takwimu ya kukumbuka ni ile ya urefu. Ziwa limelala kaskazini kwa kusini, na upepo wa kusini ukishika njia hukimbia juu ya maji mamia ya kilomita bila kizuizi. Mawimbi yanayofika Karema yanaweza kuwa yametoka mbali sana.

Hesabu ya siku za kukaa

Chukua daftari kabla hujachukua mkopo. Andika siku ambazo boti haitatoka, kisha uone zinazobaki.

- *Mbalamwezi.* Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hukusanyika kwenye mwanga pale ambapo pote pengine ni giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na kambi nyingi hupumzika wiki moja hadi siku kumi. Hiyo ni karibu robo hadi theluthi ya kila mwezi, na haina mjadala.
- *Upepo.* Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu, na unaweza kushika siku kadhaa mfululizo. Masika ina dhoruba zake.
- *Marufuku.* Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne. Mwenye mkopo wa kila wiki alilazimika kulipa miezi mitatu bila kutia wavu majini.
- *Matengenezo.* Plagi, propela, nyavu zilizochanika, mbao iliyooza. Spea nyingi haziko mwaloni. Zinaagizwa Mpanda au Kigoma, na mvua ikiharibu barabara zinachelewa.
- *Misiba.* Mtu akizama, kambi husimama kumtafuta. Hakuna anayeuliza hasara.

Makadirio ya tahadhari kwa anayeanza ni usiku 15 wa kazi kwa mwezi, kwa miezi 9 ya mwaka. Ukiona kwa hesabu hiyo boti haijilipi, usinunue. Ukiona inajilipa, usiku utakaozidi hapo utakuwa faida yako.

Wapo watakaosema hesabu hii ni ya woga, kwamba jirani yao hutoka usiku 20 na zaidi. Huenda ni kweli. Jirani huyo ana boti iliyokwisha kulipiwa, nahodha anayemwamini na wanunuzi wanaomjua. Mgeni hana hata kimoja cha hivyo katika mwaka wa kwanza.

Wala si shida ya ziwa letu peke yake. Kwenye visiwa vya Ugiriki kuna upepo wa kaskazini uitwao meltemi, unaovuma bahari ya Aegean hasa Julai na Agosti, wakati watalii ni wengi kuliko miezi yote. Wenye mashua za gharama kubwa, zenye vitanda na majiko, nao hufunga kamba bandarini wakasubiri siku nzima, siku mbili, siku tano. Tofauti ni kwamba wao hula akiba. Nawe panga yako: chakula cha miezi mitatu kikiwa ghalani, au fedha yake, kabla injini haijanunuliwa.

Siku za kukaa zitumie kwa shughuli nyingine inayoingiza kitu. Kilimo cha mpunga au mihogo, ushonaji wa nyavu, duka dogo, kukausha na kuuza dagaa wa wengine. Kaya zinazodumu mwambaoni karibu zote zina mguu mmoja shambani.

Boti: nunua kwa macho, kwa kisu na kwa usiku mmoja

Usitazamie kabati wala kitanda. Boti ya Tanganyika ni ya mbao, iko wazi juu, na watu hukesha ndani yake, hawaishi humo. Makazi ni kambi au kijiji. Ukiona mtu anakuuzia boti "ya kulala familia", muulize mvua ya Februari itakapopiga watoto watajificha wapi.

Chombo kilichotumika ndicho wengi wanachomudu. Hapo fanya hivi:

1. Kikague kikiwa nchi kavu, pamoja na fundi anayeunda boti, asiyekuwa ndugu wa muuzaji.
2. Choma ncha ya kisu kwenye mkuku na kwenye mataruma ya chini, hasa pembeni mwa misumari. Mbao nzima hukataa kisu. Iliyooza hukimeza.
3. Angalia rangi mpya kwa mashaka. Rangi iliyopakwa wiki moja kabla ya kuuza huficha nyufa.
4. Kiache majini usiku kucha, kisha pima asubuhi maji yaliyoingia. Kidogo ni kawaida kwa mbao zilizokauka. Yakifika kwenye vifundo vya miguu, kalafati imekwisha.
5. Washa injini ikiwa baridi, ikiwa majini. Tazama kama maji ya kupozea yanatoka. Iendeshe nusu saa, siyo dakika mbili.

Namba ya injini iandikwe kwenye hati ya mauziano, mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Injini huibwa ziwani, nyingine kwa mtutu wa bunduki, na huuzwa upande mwingine wa maji kwa bei ya kuvutia. Bei ikiwa nzuri mno, ujue kuna mwenzako anayeitafuta. Ukikutwa nayo bila hati, maelezo yako yatapokelewa kituo cha polisi.

Anayetaka boti mpya asisahau mbao. Mninga na miti mingine ya misitu ya Katavi haivunwi wala haisafirishwi bila kibali cha TFS, wakala wa huduma za misitu. Mbao za bei rahisi zisizo na kibali zinaweza kukamatwa njiani, na fedha ya awali uliyompa fundi ikaenda nazo.

Karatasi zisizokwepeka

Wengi huona karatasi kama usumbufu wa ofisi. Ziwa hili ni mpaka wa nchi, na doria zipo.

- Leseni ya uvuvi na leseni ya chombo kutoka halmashauri. Makao makuu ya Wilaya ya Tanganyika yako Majalila, lakini anzia kwa ofisa uvuvi wa kata.
- Ukaguzi na usajili wa chombo chini ya TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini.
- Utambulisho kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika mwalo wako. Hawa ndio watakaokueleza nyavu zinazoruhusiwa. Makokoro na nyavu za timba ni marufuku. Usizinunue hata zikiuzwa hadharani.
- Ukivuka kwenda Kalemie au kwingine upande wa Kongo, pitia uhamiaji. Karema sasa ina bandari rasmi chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, kwa hiyo kisingizio cha kukosa ofisi kimekwisha.

Kosa linalowapata wageni wanaokwenda kaskazini ni Mahale. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale haiishii ufukweni. Mpaka wake unaingia majini kilomita 1.6, na kuvua ndani ya ukanda huo ni kosa. Ukipita, pita nje yake.

Upepo, usiku na uzito

Hapa msomaji aende taratibu.

Desemba 2014 meli ndogo iitwayo MV Mutambala ilizama upande wa Kongo, kati ya Kalemie na Uvira, katika ziwa hilihili. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mzigo ulizidi na upepo ulikuwa mkali. Septemba 2018, Ziwa Victoria, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara na kuua watu 228. Kivuko hicho kilijengwa kubeba 101. Vyote viwili vilikuwa vikubwa kuliko boti yoyote utakayoinunua.

Tangu meli ya MV Liemba iliposimama kwa ajili ya ukarabati, abiria wengi wa vijiji visivyo na barabara nzuri wamebaki kutegemea boti za mbao. Liemba yenyewe ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani 1916, ikaopolewa na kurudi kazini 1927. Kwa miongo mingi ndiyo iliyounganisha Ikola na Karema na Kigoma upande mmoja na Mpulungu, Zambia, upande mwingine. Pengo lake linamtia mwenye boti kishawishini. Kijana aliyenunua boti ya kuvulia ataombwa kubeba watu kumi, mahindi, mbuzi na matofali, na nauli iko mkononi. Kataa. Chombo cha uvuvi hakikukaguliwa kwa abiria, na siku ya ajali leseni yako haitakutetea.

Kanuni ambazo manahodha wazoefu huzifuata, hata wasipozitamka:

- Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, unaotolewa pia kwa maziwa makuu. Tahadhari ikitolewa, boti ibaki. Anga tulivu ya saa kumi jioni haifuti tahadhari.
- Kusini kukichafuka, usingoje kuona wimbi. Vuta nyavu, au zifunge boya uziache, urudi. Wavu unanunuliwa tena.
- Miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, tazama radi za mbali. Upepo hutangulia mvua, nao hufika ghafla.
- Wimbi likutane na omo, usilipe ubavu. Injini ikizimika kwenye mawimbi, tupa kitu kizito chenye kamba mbele ili chombo kiendelee kutazama upepo. Ndoo yenye tundu au gunia lenye mchanga kidogo hufaa, kwa kuwa katikati ya ziwa nanga haitagusa chini.
- Jaketi okozi moja kwa kila mtu, na limevaliwa. Lililofungiwa kwenye mfuko wa nailoni omoni halikuokoi usiku.
- Makasia mawili yawepo daima. Injini moja bila kasia ni kamari.
- Usijaze petroli karabai ikiwaka. Taa za betri na sola zimepunguza hatari hii, lakini karabai bado zipo, na mvuke wa petroli hutambaa chini ya boti hadi kwenye moto.
- Mwachie mtu wa nchi kavu majina ya waliotoka, uelekeo na saa ya kurudi. Mtandao wa simu hupotea mkiwa mbali, na atakayeanza kuwatafuta ni huyo.

Wenye boti huko kusini, Kipili mkoani Rukwa, wana visiwa vya kujikinga. Mbele ya Karema pako wazi hadi Kongo. Mwambao wa Mahale nao una mtego wake: milima inaingia majini kwa mwinuko mkali, hata hatua chache kutoka ufukweni nanga inaweza kukosa chini. Kabla ya kulala mahali usipopajua, pima kina kwa kamba yenye jiwe.

"Lakini maji ya Tanganyika ni ya uvuguvugu," mtu atasema, "nikianguka nitaogelea." Maji ya juu huwa na nyuzijoto 24 hadi 28, kweli. Mtu aliyeloa usiku kucha kwenye upepo hupoteza joto hata hivyo, na umbali wa kilomita kumi gizani hauogeleki. Ukianguka, shikilia chombo hata kikipinduka. Mbao huelea.

Pa kulala na pa kujenga

Kibanda cha karibu na maji kinavutia: boti iko machoni, mizigo haibebwi mbali. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, zungumza na wazee.

Historia ya Karema inafundisha kuliko ramani. Wabelgiji walijenga ngome yao hapo mwaka 1879, karibu na maji. Wakati huohuo Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umefungua njia na kuanza kutoa maji ya ziwa, na kufikia miaka ya 1890 kina kilikuwa kimeshuka kiasi cha mita 10. Ngome, ambayo Mapadre Weupe waliirithi mwaka 1885, ikabaki mbali na ufukwe. Miaka ya 2020 mambo yakawa kinyume: maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960, yakaingia nyumba na mialo kuanzia Bujumbura hadi Kigoma na Kalemie.

Kwa hiyo jenga juu ya alama ya juu kabisa ambayo wazee wanaikumbuka, na kwa sheria nje ya mita 60 kutoka ukingo. Chini ya hapo weka vichanja tu, vitu ambavyo ukivipoteza hutalia. Acha pia umbali na matete na midomo ya mito. Hapo ndipo mamba na viboko hupenda, na kiboko hupanda nchi kavu usiku kula majani kwa njia yake ileile. Usijenge kwenye njia hiyo.

Maji, tumbo na ngozi

Maji ya ziwa ni maangavu, na uangavu huo hudanganya. Kambi iliyojaa watu bila vyoo ni nyumba ya kipindupindu. Chota mbali na mwalo, chemsha au tia dawa, hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba. Kambi isiyo na choo, chimba choo kwanza, kitanda baadaye.

Kichocho kipo, hasa kwenye maji yaliyotuama yenye majani na konokono. Kusukuma boti kila siku ukiwa umezama magotini ni kukikaribisha. Pima kila mwaka, hata bila dalili. Dawa yake ipo vituoni. Karema ina kituo cha afya, na kwa makubwa zaidi kuna hospitali ya rufaa ya mkoa Mpanda. Jua mapema ni gari au pikipiki ya nani itakayompeleka mgonjwa usiku wa mvua, na bei yake.

Chandarua kisiwe cha nyumbani tu. Wanaolala mchangani ufukweni au chini ya turubai nao huumwa na mbu.

Dagaa wakishafika

Faida nyingi hupotea kati ya boti na gunia. Dagaa waliotandazwa mchangani hukauka na mchanga wao, na mnunuzi wa Mpanda hushusha bei akisikia unavyolia menoni. Vichanja vya wavu vilivyoinuliwa usawa wa kiuno hulipa gharama yake upesi. Masika, jua likigoma siku mbili, kaanga au chumvisha usiku huohuo. Uwe umenunua chumvi na kuni kabla, kwa sababu siku hiyo kila mtu atazitafuta.

Makubaliano na wavuvi yaandikwe. Mafuta na chakula vinakatwa kabla ya mgawo au baada? Wavu ukichanika ni hasara ya tajiri au ya wote? Utaratibu hutofautiana mwalo hadi mwalo, na ugomvi mwingi kambini huanzia hapo.

Maswali mawili yanayorudi

*Sijawahi kuvua. Nianze wapi?* Anza bila boti. Nenda giza mbili, yaani vipindi viwili visivyo na mbalamwezi, kama mvuvi wa kawaida kwenye chombo cha mtu, moja wakati wa kiangazi na moja wakati wa mvua. Utajua kama tumbo lako linavumilia mawimbi, utawajua manahodha, utajua bei halisi ya mafuta mwaloni. Akiba yako ibaki benki Mpanda muda huo wote.

*Familia nije nayo?* Isije mwaka wa kwanza kama watoto wanasoma. Shule zipo Karema na Ikola. Kambi ndogo hazina, na mtoto wa kambini huishia kuanika dagaa saa za masomo. Pangisha chumba kijijini, siyo kambini, uhamisho wa shule ufanyike Januari, na mama wa watoto aione nyumba na kisima kabla hajafunga mizigo.